Petroli Kwenye Mkono wa Shati

Nyumba yetu ililishwa na uchafu wa watu wengine, na sioni haya kusema hivyo. Mashuka ya nyumba za wageni, taulo, foronya zenye rangi ya midomo, vitambaa vya meza vilivyomwagikiwa mchuzi: vyote viliingia kwetu vikinuka, vikatoka vimekunjwa pembe kwa pembe, nasi tukala. Mama alifua. Baba alipiga pasi mpaka mgongo ulipomkatalia, akabaki kupokea na kusimamia. Mimi niliendesha gari.

Lilikuwa gari dogo la mizigo, jeupe. Mtaani walilibatiza Bi Harusi kwa sababu kila asubuhi lilitoka limejaa vitambaa vyeupe na halikuwahi kufika mapema popote. Nililijua kama mzee anavyolijua goti lake bovu: kilima gani litalalamika, mvua ipi italinunisha. Baba aliponikabidhi ufunguo alisema mbele ya watu, "Huyu ndiye mkono wangu wa kulia." Neno hilo nililivaa kama koti. Kijana asiye na shamba wala cheti, akiitwa mkono wa mtu, hutembea kifua mbele.

Mama naye alikuwa na kipaji chake. Kabla ya kuitia nguo majini aliiinua puani, akaisoma. Hii divai. Hii dawa ya mbu. Hapa amelala mgonjwa. Hawa waligombana, mto mmoja umeliliwa. Hakukosea, au hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amekosea. Msemo wake ulikuwa mmoja: nguo haisemi uongo. Tulikua chini ya msemo huo. Ukirudi shuleni umepigana, wewe hukuulizwa kitu. Liliulizwa shati.

Kisha dada yangu mkubwa akaolewa na fundi wa kompyuta za magari.

Shemeji alikuwa na chumba kando ya barabara chenye feni, kiti cha kuzunguka, na bango lililoandikwa kwa herufi nyekundu: TUNAPUNGUZA ULAJI WA MAFUTA. Hakushika spana. Mikono yake ilikuwa safi kuliko ya daktari. Alichomeka waya kwenye soketi iliyo chini ya usukani, akafungua laptopu mapajani, na kuzungumza na injini bila kufungua boneti. Mtaa ukamwita Profesa. Yeye hakukataa.

Siku alipolishughulikia Bi Harusi, Baba alisimama kando, mikono nyuma, kama mwanamume aliye nje ya chumba cha uzazi.

"Baba, hili gari linakula kama lina mapacha tumboni," Profesa alisema.

"Mapacha wenyewe hawazaliwi," Baba akajibu. "Nifanyie mpango, mkwe wangu."

"Ndani humu kuna kompyuta. Ndiyo inayoamua petroli kiasi gani ichanganywe na hewa, na cheche iwake saa ngapi. Waliolitengeneza gari waliipanga kwa woga, iwafae watu wote wa dunia. Mimi naipanga ikufae wewe."

"Na nguvu?" niliuliza. "Ukilipunguzia chakula, kile kilima cha hospitali litapanda?"

Profesa akanitazama kama mtu anayetazama nzi kwenye chai ya mgeni. "Shemeji, wewe kazi yako usukani. Niachie ubongo."

Baba akacheka. Nikacheka nami, maana ilikuwa utani wa shemeji, na shemeji hutaniwa.

Alipomaliza, namba kwenye dashibodi ilibadilika. Bi Harusi lilikuwa na kioo kidogo kinachoonyesha lita zinazoliwa kwa kila kilomita mia. Tangu tulinunue lilisoma kumi. Wiki ile likaanza kusoma saba. Baba alikigusa kile kioo kwa ncha za vidole, kama anayepima homa ya mtoto na kukuta imeshuka.

Akawa mhubiri. Alimpelekea Profesa mwenye duka la mbao, mwenye magari ya maji ya chupa, mwalimu mkuu mstaafu, majirani wa kushoto na kulia. "Mkwe wangu," alikuwa akisema, na neno hilo lilimjaa mdomoni kama tende. Mtu aliyeinamia meza ya pasi maisha yake yote alikuwa amepata kitu cha kutembea nacho wima.

Ila mimi ndiye niliyekuwa na mguu kwenye pedali. Gari lilikuwa limenyong'onyea. Kilima cha hospitali, ambacho zamani lilikipanda likilalamika, sasa lilikipanda likitetemeka, na injini ikigonga ndani kama mtu aliyefungiwa kabatini. Ili lifike juu nilikanyaga zaidi. Ili nilipite lori nilikanyaga mpaka chini. Mwenye njaa ukimnyima sahani atakula jikoni. Kile kilichozuiwa kwenye kompyuta, mguu wangu ulikuwa unakirudisha, na zaidi. Kioo kikaendelea kusema saba.

Kwetu tangi lilijazwa Jumamosi, na aliyelijaza ni Baba mwenyewe. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Kwa hesabu ya saba, mafuta yangenifikisha Jumamosi nyingine na kusaza. Alhamisi taa ya mafuta iliwaka.

"Yanakwenda wapi?" Baba aliuliza.

"Yanakwenda kwenye injini, Baba."

"Injini imesema haikuyapokea."

"Kioo ndicho kinachosema."

"Kioo kinapata habari kwa nani? Si kwa injini? Wewe na injini, mmoja wenu ananidanganya. Na injini haina rafiki wa kumpa petroli."

Niliona bora nitafute tundu. Huenda bomba linavuja, nikawaza, maana sikutaka kuwaza jingine. Mchana mmoja, gari likiwa limeegeshwa nyuma ya kamba za kuanikia, nililala chini yake juu ya gunia, nikapapasa bomba kutoka kwenye tangi hadi mbele. Klipu moja ililegea mkononi, petroli ikanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nikaikaza. Hakukuwa na tundu popote. Nikanawa, nikatupa shati kwenye kapu la nguo za nyumbani, nikaenda kuwahi mzigo wa jioni.

Niliporudi walikuwa wamekaa kwenye chumba cha pasi, watu wa nyumba yangu wote. Baba kwenye kiti chake. Dada kwenye meza ya pasi, maana alikuja kumsaidia Mama siku za mzigo mkubwa. Profesa amemfuata mkewe, amekalia bunda la taulo. Na Mama amesimama, shati langu mkononi, mkono wa shati umekunjuliwa juu ya meza.

"Nusa," Mama aliniambia.

"Najua ni petroli, Mama. Nilikuwa natafuta..."

"Sikukuuliza ulikuwa unatafuta nini. Nimekwambia nusa."

Nikanusa. Ilikuwa petroli, na ilinuka kama petroli.

"Mpira wa kunyonyea mafuta humwaga hapa," Profesa alisema kwa upole, akionyesha kiwiko chake mwenyewe. "Nimewaona madereva wengi. Simsemi shemeji. Nasema madereva."

"Nililala chini ya gari kutafuta bomba linalovuja."

"Ukaliona?" Baba akauliza.

"Sikuliona."

"Basi halivuji."

Waliokuwa mle ndani walinilea, isipokuwa mmoja. Walijua kwamba sijawahi kuchukua hata andazi bila kuomba. Lakini walikuwa madobi. Walikuwa wamekula miaka yote kwa kuamini doa kuliko mtu. Mama aliweka shati kwenye beseni lake peke yake, mbali na mashuka ya wageni, akasema taratibu, "Nguo haisemi uongo, mwanangu."

Hawakuninyang'anya ufunguo siku hiyo. Walifanya vibaya zaidi. Waliniachia, na kila niliporudi Baba alikuja kuligonga tangi kwa kifundo cha kidole kama anayechagua tikiti sokoni.

Nilikwenda kwa Profesa nimejaa maneno. Mlangoni nilimkuta dereva wa duka la mbao amekaa juu ya tairi kuukuu, mtu mnene mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye zamani tulipigiana honi tukipishana.

"Gari liko wapi?" nilimuuliza.

"Amepewa mwingine. Mimi nimefukuzwa."

"Kwa nini?"

"Mwizi wa mafuta. Tangu lori lianze kusoma vizuri, mimi nikaanza kuiba." Akanitazama usoni, kisha akasogea kunipa nafasi kwenye tairi. "Na wewe pia? Karibu. Chama hiki hakina kiingilio."

Nilicheka. Niliingia ndani, nikafunga mlango. Profesa alikuwa anakula karanga.

"Umefanya nini kwenye dashibodi?"

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonichoma. Alipangusa vidole, kidole kimoja baada ya kingine.

"Mwanzo nilipunguza petroli kweli," alisema. "Magari mengine hukubali kidogo. Mengi hayakubali. Hili lenu limechoka, ukilipunguzia linagonga, likigonga kompyuta inarudisha cheche nyuma, likirudisha linakula kama zamani. Sasa mzee alikuwa amesimama hapo, anangoja namba ishuke. Ningemwambia nini? Kuna namba moja mle inayoiambia dashibodi ihesabu vipi. Nimeigusa kidogo."

"Na lori la mbao?"

"Nalo kidogo."

"Watu wanafukuzwa kazi."

"Shemeji, wateja hawanunui mafuta kwangu. Wananunua namba. Mtu akiona saba anaendesha ana furaha. Mimi sikusema dereva ni mwizi. Hilo wamelisema wenyewe."

"Nitamwambia Baba."

"Mwambie," alisema, akarudia karanga zake. "Mwambie na shati lako."

Kwa hiyo sikumwambia. Nilitaka aone. Nilimwomba Baba jambo moja tu: apande Bi Harusi pamoja nami, kutoka tangi limejaa hadi tangi limejaa tena, asishuke mpaka ajiridhishe. Alikubali. Kisha akaenda kuchukua mto wa kukalia.

Baba hafanyi kitu nusu. Alibandika karatasi kwenye kifuniko cha tangi, akatia sahihi juu yake. Tulipofika nyumba za wageni nilibeba mashuka mwenyewe yeye akiwa amekaa. Alipobanwa akaenda msalani na ufunguo wa gari mfukoni. Tulizunguka mji na mabunda yetu tangu asubuhi, kilima cha hospitali kwenda na kurudi, na kote huko kile kioo kilisema saba. Baba akikitazama, akinitazama, akikitazama. Adhuhuri alinunua mahindi ya kuchoma akanimegea nusu, akasema, "Unaendesha vizuri siku hizi." Moyo wangu ukaruka kama wa mtoto. Nilidhani tumeshafika.

Kwenye kituo cha mafuta alishuka, akaikagua karatasi yake, sahihi ikiwa haijaguswa, akaibandua. Kijana wa pampu akajaza mpaka pampu ikajizima. Baba alisoma lita, akasoma kilomita, midomo ikimcheza. Ilikuwa kumi na moja kwa mia. Zaidi ya zamani.

"Pampu yenu nzima hii?" aliuliza.

"Mzee, ilikaguliwa juzi. Ina lakiri ya wakaguzi, tazama."

Baba akaitazama lakiri. Aliitazama kama anayeomba ifunguke.

Tulirudi garini. Sikuwasha injini. Nilisubiri neno langu. Neno moja tu, nililokuwa nimelikosa tangu lile shati lilazwe mezani.

"Unajua nimempelekea yule kijana watu wangapi?" Baba alisema hatimaye, macho mbele.

"Najua."

"Nikiwaambia leo, watakuja kwangu, siyo kwake. Mimi ndiye niliyewashika mkono. Na dada yako yuko kwake. Ana mimba, alimwambia mama yako juzi. Nikimwita mumewe mwongo hadharani, atarudi hapa na tumbo lake, na kila mtu atajua kwa nini."

"Na mimi, Baba, niko kwa nani?"

Alivuta uzi uliochomoza kwenye mto wake, ukazidi kufumuka.

"Wewe mwanamume," alisema. "Jina utalitafuta jingine."

Nimeyabeba maneno mengi ya watu kichwani mwangu, mazuri na mabaya. Hayo sikuyapatia mahali pa kuyaweka. Niliwasha gari.

Nyumbani walikuwa wanatusubiri kwenye chumba kile kile. Profesa alikuwa na kikombe cha chai. Dada alikuwa anapiga pasi foronya. Mama alikuja mlangoni akipangusa povu mikononi.

"Haya," Mama alisema. "Mmeona nini?"

Baba aliweka mto wake kitini, akaukalia. "Gari liko sawa," alisema. "Linasoma saba."

Profesa akanywa chai. Mimi nilikuwa na maneno yote mdomoni, makali, yamepangwa. Nikafungua mdomo, na hapo nikamwona dada. Alikuwa ananitazama, pasi imesimama juu ya foronya, haisogei, na moshi mwembamba umeanza kutoka chini yake. Dada yangu, ambaye hakuwahi kuunguza hata leso. Alikuwa anajua. Sijui alijua lini, lakini alijua, na macho yake yalikuwa yananiomba nife mimi.

Nikafunga mdomo. Nikaweka ufunguo juu ya meza ya pasi, kando ya ile foronya.

"Inaungua," nikasema, nikatoka.

Siku ya pili dereva wa mbao alikuja getini. Nilikuwa nimemwahidi kwamba Baba akishaona, atakwenda naye kwa mwenye duka.

"Mzee anasemaje?"

"Anasema gari liko sawa."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi wabovu ni sisi," alisema, akaenda zake. Sijamwona tena, na hatupigiani honi, maana hakuna mwenye honi kati yetu.

Nikawekwa kwenye beseni, kukamua mashuka. Baba mwenyewe akashika usukani na mgongo wake ule. Na hapo mambo yakawa ya ajabu: taa ya mafuta haikuwaka tena. Alhamisi ikapita. Ijumaa ikapita. Jumamosi Mama aliambiwa tangi limesaza, akaitikia kwa kichwa bila kunitazama, na majirani waliopita walimpongeza Baba kwa kuuondoa mkono mrefu kwenye gari lake. Mkono wa kulia umekuwa mkono mrefu. Nilikamua shuka mpaka likalia.

Mchana mmoja nilikwenda nyuma kuanika. Upepo ulikuwa umelala, mashuka yamening'inia kama kuta. Chini ya shuka la mwisho niliona viatu vya Baba, na kando ya viatu, dumu la manjano. Nikainua pindo.

Alikuwa amepinda mgongo kwenye tangi la Bi Harusi. Mkono mmoja ulishika chupa ya maji iliyokatwa kitako, mwingine ulikuwa unainua dumu. Petroli ilikuwa inaingia kidogo, kidogo inamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Kumbe ndivyo. Alikuwa anainunua kwa siri katika mji mwingine, mbali na macho ya watu, anaiongeza kwa siri, ili saba iendelee kuwa saba. Mzee aliyeniita mwizi wa kutoa alikuwa amegeuka mwizi wa kutia.

Aliniona. Nilingoja aseme hata nishikie chupa. Kama angeniomba ningeishika, nakiri, hata baada ya yote. Aligeuza uso, akaendelea kumimina. Nami nikaliacha pindo la shuka lishuke kati yetu.

Jioni kapu la nguo za nyumbani likaja kwenye mabeseni. Mama alichambua kama kawaida: hii, hii, hii. Akafika kwenye shati la Baba. Akaliinua puani.

Nikaacha kukamua. Maji yalidondoka kutoka mikononi mwangu. Nilimtazama mama yangu usoni, nikimsubiri, mwanamke aliyesoma machozi ya wageni kwenye mito. Alinusa mara moja. Alikunjua mkono wa shati, akakuta mahali penyewe, akanusa tena, macho amefumba. Kisha akayafumbua, akaniona ninavyomtazama.

Akalizamisha shati kwenye beseni pamoja na mashuka ya wageni, akalikandamiza kwa mikono yote miwili mpaka chini kabisa, akalishikilia huko kama kitu kinachoweza kuibuka kikasema.

"Sabuni ipo?" aliniuliza.

"Ipo, Mama," nikasema, nikampa.